Donge la Njugu kwenye Mlima Liru

Mimi nina kinyaa. Si cha kuringa, nimezaliwa nacho. Kikombe cha mtu sinywei hata kikioshwa mbele ya macho yangu. Matangani mimi ndiye yule mama anayesema "asante, nimeshiba" huku tumbo linanguruma, kwa sababu nimemwona mpakuaji akijikuna shingo kwa mpini wa mwiko. Watu wa mtaa wetu wa Awindiri, hapa Arua, wamenizoea. Nikiwatembelea wananipa ndizi na ganda lake, namenya mwenyewe, na urafiki unaendelea.

Basi mtu wa namna hii ndiye ambaye daktari alimwambia atembee. Presha ilikuwa imepanda, goti la kushoto limevimba, na daktari akasema nikiendelea kukaa kwenye kiti nitafia kwenye kiti. Nikajiunga na kikundi cha kutembea cha kanisani kwetu, watu wazima watupu, wanaotoka alfajiri na raba zao kushika njia ya Kuluva na kurudi. Mwenyekiti wetu alikuwa mstaafu wa benki, mwenye filimbi shingoni na tumbo linalomtangulia. Yeye ndiye aliyekuja na wazo la kwenda Koboko kupanda Liru, kutwa nzima, kila mtu na begi lake mgongoni. "Kutoka juu mtaona Kongo na Sudani bila pasipoti," akasema. Tukapiga makofi kama watoto wa shule.

Kikao cha kupanga chakula ndicho kilichoanza kunichafua moyo. Mwenyekiti alitaka biskuti na soda, eti nguvu ya haraka. Mama mmoja wa kwaya akasema ataleta mayai ya kuchemsha, na ili tusipoteze wakati mlimani atayamenya yote usiku wa kuamkia safari. Yai limemenywa jana, limelala kwenye mfuko wa plastiki na wenzake, limeshinda juani mgongoni mwa mtu, halafu nilitie mdomoni! Mwingine akaahidi chapati, na chapati zake nazijua, huzifunga kwenye gazeti mpaka unaweza kusoma habari za wiki iliyopita kwenye unga. Mwenyekiti akatoa kumbikumbi tuonje. Mimi kumbikumbi nimekula tangu sijaota meno, wa kichuguu chetu cha kijijini Ayivu, waliokaangwa kwa chumvi na kupepetwa mpaka hakuna bawa. Hawa wake walikuwa na mabawa, na mchanga, na katikati yao unywele mrefu. Nikauliza unywele wa nani. Bakuli likazunguka, watu wakaendelea kutafuna.

Nikasimama. Nikawaambia, jamani, mlima haupandwi kwa biskuti. Biskuti inakufikisha kwenye ile kona pale, halafu inakuacha hapo hapo kama boda iliyoishiwa mafuta. Kinachomshika mtu njiani ni mafuta na chumvi. Chukueni njugu, simsim, muhogo uliochemshwa ukaanikwa. Chakula cha njia kiwe kidogo mkononi na kizito tumboni, kisitoke jasho ndani ya begi, na mtu aweze kukila bila kupitia vidole vya mwenzake. Wakacheka, wakasema basi kazi ni yako, mama usafi.

Nikaifanya. Nilichambua njugu moja moja, kila iliyokunjamana au yenye ukungu nikaitupa, maana njugu moja chungu inaharibu kinu kizima. Nikazikaanga kwa moto mdogo, nikakaanga simsim mbali, nikatwanga kwenye kinu changu ambacho hakishikwi na mtu, nikatia chumvi na asali ya Ayivu kidogo ya kushikanisha. Nikaviringa madonge ya ukubwa wa yai la kuku kwa vijiko viwili, si kwa viganja, na kila donge nikalifunga kwenye karatasi yake nyeupe. Ukila donge moja saa mbili asubuhi, njaa utaisikia kwa jina tu mpaka jua la utosi. Nilijisifu peke yangu jikoni, sioni haya kusema.

Sasa mzigo huo nani atabeba, na mimi nina goti? Binti yangu ameolewa Koboko na fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Kijana ni Mkakwa wa ng'ambo, upande wa Yei, Sudani. Alivuka mpaka akiwa mdogo, peke yake, vita vikiwa vimemla kila mtu wa kwao, akalelewa kambini na mgao wa mahindi. Alipokuja kuposa, wajomba wa binti yangu walinong'ona: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, huyu wa kambini atajua nini? Wee! Akawazidi wote kwa adabu. Kijana huyo akiniona mwisho wa barabara anashuka kwenye baiskeli. Akiongea nami anatazama chini. Binti yangu alipomwambia mama anakuja kupanda mlima, akasema begi la mama litabebwa na yeye, mjadala kwisha.

Na kwetu, mtu na mama mkwe wake hawaonani wakila. Si sisi Walugbara tu, hata Wakakwa wanajua. Mkwe hatafuni mbele yangu, mimi simezi mbele yake, na simuulizi kama amekula, kwa sababu ni kama kumuuliza kama ameoga. Anayevunja, watu wake wanaleta mbuzi kwa wale wengine kuosha aibu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mwenye kinyaa kama mimi sheria hiyo ilinifaa sana. Nimekaa na wakwe miaka yote hii bila kuona ufizi wa mtu.

Tulifika Koboko jioni, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa, maana mama mkwe halali kwa mkwewe. Alfajiri binti yangu akaja kunisalimia, mja mzito, miguu imevimba, macho mekundu. Akanivuta pembeni.

"Mama, huyu mutu ametoka kwa malaria. Dawa amemaliza juzi tu. Chakula haingii, jana usiku alikula vijiko mbili, basi. Nimemwambia abaki, amekataa. Anasema nani atabeba begi ya mama. Wewe angalia akule."

"Niangalie? Una akili wewe? Mimi nimwangalie mkwe akila?"

"Basi nani ataangalia?" akasema, akaanza kulia. "Akianguka huko juu, mimi nabaki na nani?"

Nikamwambia arudi nyumbani alale, na moyoni nikaanza kumchukia yule aliyevumbua mlima.

Tukaondoka. Mkwe alikuwa mbele yangu na begi langu kubwa, madonge yote ya kikundi ndani yake, na la kwake dogo kifuani. Shingo yake ilikuwa imekonda, ukosi wa shati umesimama mbali na ngozi. Nikapanga akili yangu. Nilisema nitajikokota nyuma, nimpe nafasi aingize mkono kwenye begi, atafune mawili matatu huko mbele nisikokuwepo. Nikapunguza mwendo. Naye akapunguza. Nikasimama nikajifanya nafunga kamba ya raba. Akasimama, akanipa mgongo kwa heshima, akangoja. "Mama, goti iko namna gani?" anauliza, macho kwenye majani. Nikamwambia tangulia, mwanangu, mimi nakuja. Akasema hapana Mama, nimeambiwa niwe na wewe. Kumbe na yeye alikuwa ametumwa! Binti yangu alimwagiza anitunze mimi, akaniagiza mimi nimtunze yeye, na sisi wawili kwa adabu zetu tukapanda mlima ule tukinyimana chakula.

Mapumziko ya kwanza yalikuwa kwenye mwamba mpana, jua limeshaanza kuuma. Hapo nikaona mambo. Yule mama wa kwaya akafungua mfuko wa mayai na harufu ikatoka kabla ya mayai. Yalikuwa yametoa maji, yanateleza, mengine yamepasuka na kiini kimepaka wenzake. Watu wakachomeka vidole humo humo, vidole vilivyoshika fimbo, vidole vilivyofuta pua. Mwenyekiti akatoa simsim ya kusaga ambayo mkewe alimfungia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Kopo lilioshwa, akaapa, lakini simsim ilikuwa inanuka manukato ya saluni. Akachovya muhogo, akala, akalamba kidole, akachovya tena kidole kile kile. "Ina ladha ya bibi yangu," akasema, na wanaume wakaangua kicheko. Nilitazama upande wa Kongo ili nisitapike.

Mkwe alikuwa amegawa madonge yangu kwa kila mtu, kwa mikono miwili, akainama. Halafu akaenda kukaa juani mbali na wote, mgongo kwetu, bila kitu. Liru pale juu ni mawe na majani mafupi. Hakuna kichaka cha kumficha mtu mzima, na mimi kokote ningegeuka nilikuwa namwona.

Nikamwita mwenyekiti. Nikampa madonge mawili, nikamwambia kwa sauti ndogo: "Mchukue mkwe wangu, mshuke kule chini ya jabali kubwa, hakikisha anakula yote mawili. Ni mgonjwa." Mwenyekiti akasema niachie mimi. Wakashuka. Mimi nikageukia upande mwingine kabisa nikaimba wimbo wa kanisa, kila mtu aone kwamba sioni. Walivyorudi mwenyekiti alikuwa anapangusa mdomo.

"Amekula?"

"Mama, kila kitu iko sawa."

Nikamshukuru Mungu, na yeye pia nikamshukuru, mjinga mimi.

Hatukwenda mbali. Njia ilipoanza kusimama wima, nikaona mkwe anaweka mguu, anautoa, anauweka tena pale pale. Jasho lilikuwa linamtoka na mikono imesimama malaika kwa baridi, jua lile! Halafu begi likateleza begani, akakaa chini, taratibu, kama mtu anayetii amri. Midomo imekuwa ya majivu. Nikamwita, akanijibu maneno ambayo hayakuwa na kichwa.

Wakamzunguka. Mwenyekiti akapuliza filimbi. Mama wa kwaya akaanza kuomba kwa nguvu, mate yanaruka, mengine yakatua kwenye paji la uso la mgonjwa. Mmoja akasema mapepo ya mlima. Mwingine akasema mpeni yai.

"Mmempa nini kule chini?" nikamuuliza mwenyekiti.

Akaangalia raba zake. "Nilimpa. Akasema Mama ataona. Akasema atakula baadaye. Sasa mimi nikaona njugu nzuri namna ile itaharibika kwa jua…"

"Ukala."

"Alikataa yeye mwenyewe!"

Ptuu! Nilitema mate pale pale, mimi, ambaye nikiona mtu anatema mate barabarani navuka upande wa pili. Mzee mzima, kiti cha mbele kanisani, ameula uzima wa mwanangu na kulamba karatasi. Vipande vya njugu vilikuwa bado vimeshika kwenye masharubu yake. Nilimtazama na nikajisikia mchafu kwa kusimama karibu naye.

Nikapiga magoti, goti bovu kwanza. Nikafungua donge. "Mkwe, fungua mdomo."

Akakaza meno. Akageuza uso, akajaribu hata kujiburuta nyuma, na nguvu hana.

"Hapana, Mama. Hapana."

"Utakufa hapa! Mwenye njaa hana miiko, hujasikia?"

Akafumba macho. Sauti ilikuwa ndogo, nikainama mpaka nikasikia pumzi yake, chungu kwa homa. "Mama, nikikula mbele yako, nani ataleta mbuzi kwenu? Mimi sina watu. Wengine wanakosa, watu yao inakuja kusema. Mimi nikikosa, iko kwisha. Watasema ni wa kambi."

Hapo mama wa kwaya aliacha kuomba. Mimi nilikaa na donge mkononi na nikaona kinyaa kingine, si cha mayai wala kopo. Niliona kinyaa cha sisi wote, wenye koo na wajomba na mbuzi nyumbani, tulivyomfanya kijana huyu apime kila tonge kwa hofu. Nilitamani kuwatapikia wale wajomba wa binti yangu mmoja mmoja.

"Nitazame," nikasema. "Nimesema nitazame mimi, usoni."

Akafungua macho. Ndiyo mara ya kwanza niliyaona macho ya mkwe wangu. Ni ya kahawia, na yalikuwa yanaogopa.

Nikala. Mbele yake, mbele ya kikundi chote, nikauma donge katikati, nikatafuna mdomo wazi kama ng'ombe, nikameza, nikamwonyesha ulimi. Watu wakasema "Yesu wangu!" Nikamwambia, "Umeona? Nani amekosa? Ni mimi. Nimeanza mimi, mama mkwe, mbele ya mashahidi. Mbuzi sasa ni wa kwetu kukuletea wewe. Wewe huna deni la mtu. Fungua mdomo."

Akafungua.

Nusu iliyobaki ilikuwa na alama za meno yangu, na ndiyo niliyompa, maana kufungua karatasi nyingine vidole vyangu vilikataa. Hakuweza kutafuna, taya lilikuwa linatetemeka. Nikaiponda kwa vidole, nikamtia ndani ya shavu. Ulimi wake ulikuwa wa moto na mweupe juu kwa ugonjwa, na mate yake yakanitelemkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nasema kweli, kichefuchefu kilinipanda mpaka hapa shingoni. Nikamega tena, nikamtia tena. Nikaomba soda ya mwenyekiti, hiyo sukari niliyoitukana kikaoni, ya moto na imeshanywewa na mdomo ule wenye masharubu, nikamtilia mkwe tone kwa tone. Akikohoa inanirukia usoni. Sikuwa na mkono wa kupangusa.

Rangi ilirudi polepole. Kwanza kwenye midomo, halafu akaanza kuona haya, na alipoanza kuona haya nikajua atapona. Wanaume walimshusha wakibadilishana, na hakuna aliyefika kileleni kutazama nchi za watu. Zahanati moja ya Koboko ilimtundikia maji, na nesi akasema malaria ilikuwa haijatoka, na kwamba tumbo tupu ndilo lililotaka kummaliza. Binti yangu alikaa kando ya kitanda cha mumewe mpaka jioni. Halafu akaniuliza, "Alikula?" Nikamwambia alikula, nilimwona kwa macho yangu. Akanitazama sana.

Nilivyorudi Arua nikawaita kaka zangu, wale wale wajomba wa binti yangu. Nikawaambia tunatakiwa mbuzi. Kaka mkubwa akakunja uso kama aliyenusa kitu.

"Tumpeleke kwa nani? Huyo ana ukoo gani hapa? Mbuzi anapelekwa kwa watu."

"Mtampeleka kwake."

"Mtu mmoja si watu."

"Basi bakini," nikasema. "Nitamvuta mimi mwenyewe kwa kamba, nipite naye mbele ya kanisa, na kila atakayeuliza nitamwambia kaka zangu wanakula lakini hawajui kuomba radhi."

Wakaja. Tulimpandisha beberu kwenye pikapu pamoja nasi, na beberu ni mnyama mchafu kupita wote alioumba Mungu, anajikojolea ndevu kwa kupenda. Harufu iliingia kwenye kitenge changu cha Jumapili na mpaka leo sijaivaa tena nguo hiyo. Tukasimama nje ya chumba chao cha kupanga Koboko, wanaume watatu wa kwetu wamevaa makoti, na mimi nyuma yao, kama desturi inavyotaka kwa mkosaji.

Kaka mkubwa akasema yale maneno: kwamba dada yetu amekosa, amekula mbele ya mkwe, kwamba tumekuja kwa watu wa nyumba hii kuomba aibu ioshwe. Alipofika kwenye "watu wa nyumba hii" aliangaza macho huku na huku, maana mlangoni alisimama kijana mmoja tu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.

Mkwe wangu hakutazama chini siku ile. Alipokea kamba kwa mikono miwili. Akataja jina la babu yake, na la baba yake, na la mama yake, na la kaka zake, na majina ya wadogo zake wawili, taratibu, kila jina akilipa nafasi yake, majina ambayo hata binti yangu alikuwa hajapata kuyasikia yote. Beberu alikuwa anamkojolea kiatu. Akamaliza kuyataja, akasema, "Hao wote wamepokea."

Kaka yangu mkubwa akavua kofia.